Chupa ya Kabibi

Kambi ya Askari wa Wanyama,
Gede.
29 Julai 1984

Dada yangu mpenzi Zipporah,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Rabai, wewe, shemeji na watoto, na kwamba lile goti linalokusumbua kila kipupwe limekuonea huruma mwaka huu. Mimi sijambo kabisa. Nakula, nalala, na leo nina furaha kubwa.

Dada, nimefaulu mtihani wa shabaha! Risasi kumi, tisa ndani. Sikukuandikia mapema kwa sababu ya hofu: ambaye angeshindwa angenyang'anywa bunduki na kuhamishiwa bara, na arusi yetu na Kabibi ni Desemba. Baba yake alikwisha kusema bayana kwamba binti yake haendi kuishi mahali ambapo yeye hawezi kwenda kumjulia hali na kurudi siku hiyo hiyo.

Taabu ilianza mwezi wa sita. Bunduki yangu iligeuka kigeugeu. Asubuhi risasi za kwanza zilipita juu ya shabaha, zikatisha kunguru tu. Nikipiga tano sita, inatulia. Mchana haikosei hata moja. Nilikaza skrubu zote. Nilibadilisha kasha la risasi, nikabadilisha namna ya kulala chini ninapolenga na ya kushusha pumzi, wapi! Sajini Gitau akaichukua mwenyewe jua la utosi, akapiga tatu zote katikati, akanirudishia akisema bunduki haina kasoro, kasoro iko chini ya kofia. Kambi nzima ilicheka. Mimi sikucheka.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikamgeukia Mwambire, ninayekaa naye chumba kimoja, nikasema mbele ya watu kwamba yeye ndiye anayechezea alama ya kulengea ili nionekane sifai. Wiki mbili hatukusemezana. Hebu fikiria, watu wawili katika chumba cha futi kumi, kila mmoja anatazama ukuta wake.

Siku mbili kabla ya mtihani, alfajiri, ni yeye aliyeanza kusema. Alisema amechoka kuitwa mchawi wa chuma, akaomba aione bunduki kabla jua halijaipasha moto. Akapitisha kitambaa ndani ya mtutu kwa ufito. Kilitoka na utando mweupe kama samli iliyoganda. Akakinusa, akaninusisha, kisha akaniuliza kwa upole kama bunduki yangu husukwa nywele.

Yalikuwa mafuta ya nazi. Kwa baridi ya asubuhi yanaganda na kuisumbua risasi njiani. Mtutu ukipata moto yanayeyuka, na bunduki inashika adabu. Tuliuosha kwa maji ya moto, tukaukausha. Nilimwomba Mwambire radhi wakati wa chakula, mbele ya wale wale waliosikia nikimsingizia, na kipande changu cha samaki nikampa.

Sasa nafika pale ninapoona haya. Mafuta yale ni yako. Nilimwaga mafuta ya bunduki kwa uzembe, nikaogopa kumwambia sajini, na ile chupa uliyomtumia Kabibi ilikuwa kando ya kitanda changu ikingoja Jumapili. Nikasema nitachukua tone moja tu. Tone likaita tone. Kisha nikakuandikia kwamba Kabibi amejipaka, nywele zinang'aa, na anakushukuru. Hakuiona hata hiyo chupa. Ulikuna nazi kwa mkono wako, na goti lile, iwe salamu yako ya kwanza kwa wifi yako, nami nikaimalizia kwenye chuma. Uongo ule umeniuma kuliko risasi zote zilizokosa. Nisamehe, dada.

Leo baada ya ibada nimemweleza Kabibi yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza ulikuna nazi ngapi. Sikujua. Akasema salamu iliyopotea njiani haitumwi tena, hufuatwa na mwenyewe; atakuja Rabai mkune pamoja. Ukituruhusu, tutafika Jumamosi, tarehe kumi na nane Agosti.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mwambire anakuamkia, na anauliza kama yamebaki mafuta kidogo, kwani ngozi yake pia ina kutu. Chupa yako nimeiosha kwa majivu, na Kabibi ameniondolea mkononi. Anasema chombo cha watu hakirudi kitupu. Utaipokea imejaa asali.

Ndimi mdogo wako,
Kitsao