Picha Inayotazamana na Kochi

Jumatano, Lubumbashi. Tangu asubuhi mawingu yamekikalia kile kilima cheusi cha taka za kiwanda na mvua haitaki kunyesha. Maduka ya mtaani kwetu yamefungwa mapema tena, kwa sababu mtu fulani ameambiwa na mtu fulani kwamba vita vinashuka. Siku hizi sote tunaishi kwa "inasemekana".

Mimi naogopa kitu kingine.

Baba anakuja.

Binamu yangu alipiga simu jana kutoka Kalemie. Alisema watu wanahama kule kaskazini, na kwamba baba amepakiwa kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, katikati ya magunia ya samaki wakavu. Njia ikikubali, kesho atakuwa kwangu. Hakuuliza kama nakubali. Mzee anayekimbia vita haombewi ruhusa kwa binti yake. Nilisema "sawa", nikakata simu, nikaenda kuhakikisha mlango umefungwa. Na nimepita arobaini.

Naandika nikiwa salon, chumba chetu cha kupokelea wageni. Ukutani, mkabala na kochi, ipo picha niliyoichora mwenyewe. Kuchora ndiyo kazi yangu. Nauza picha za treni, na za mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, maana ndizo watu wanazozitaka. Hii haiuzwi. Inaonyesha meza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na kupitia matundu ya kitambaa unaona viatu vizito vya kazi, miguu ya mwanaume, na ncha ya mkanda unaoning'inia. Juu ya magoti hakuna kitu, kwa sababu mimi sikuwa naona zaidi ya hapo.

Baba alikuwa mtu wa reli. Nilipokuwa mdogo treni zilipungua, kisha mshahara ukakoma, kisha ikakoma na posho, ule unga ambao wafanyakazi waligawiwa kila mwezi. Magunia matupu yakabaki yamekunjwa jikoni. Baba aliendelea kuvaa nguo za kazi kila asubuhi, akaenda kukaa stesheni kusikokuwa na treni, na jioni akarudi akinuka lutuku. Wanaume wengi wa kambi yetu ya wafanyakazi walimalizwa na ile pombe. Lakini si wote waliovua mkanda.

Mimi nilikuwa najificha chini ya meza. Mama alifuma vitambaa vya kuuza sokoni, vyote vifupi, ila kile cha meza yetu alikifuma kirefu mpaka sakafuni. Miaka yote nilidhani ni urembo tu. Sasa mama hayupo wa kumwuliza.

Nilipoolewa sikuweza kula mezani. Nilichukua sahani yangu nikala nimesimama jikoni, na mume wangu akadhani ni heshima. Hali hiyo iliendelea mpaka siku niliponyoosha gunia la unga kwenye fremu, nikalipaka rangi nyeupe, nikaanza kuchora kile kitambaa tundu kwa tundu. Nililia mpaka brashi ikaniponyoka. Kesho yake nikairudia.

Ilipokauka niliitundika, na hapo ndipo dawa ilipoanza kufanya kazi. Kwetu picha ya salon haitundikwi ili inyamaze. Mgeni akiketi anaitazama, anauliza, na mwenyeji anasimulia. Kumnyima mgeni hadithi ya picha yako ni kama kumnyima maji. Mara ya kwanza nilimsimulia jirani kwa kunong'ona. Kisha akaja mwingine, na mwingine, na sauti yangu ikakomaa kidogo kidogo. Nikaanza kula mezani na watu wangu.

Sikuwahi kuwaza kwamba mwenye viatu naye angekuja kuwa mgeni.

Mchana mama mdogo Yvonne, mdogo wake marehemu mama, amepita kuniletea blanketi. Ameitazama picha, akanitazama mimi, akataka niiondoe.

"Mutoto wangu, utoshe ile tablo. Muzee anakimbia vita, sasa akuye kukuta vita ingine humu mu nyumba?"

Nimemwuliza kama amesahau.

"Sisahau. Nilikuwaka naona uso ya mama yako. Lakini sasa ni muzee."

Ana haki ya kusema. Tena mume wangu yuko Sakania kikazi, na nyumbani tuko mimi na binti yangu Divine tu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi naletewa nyoka mwenyewe, eti amezeeka. Kwa hiyo nimeishusha picha, nikaificha nyuma ya kabati, uso ukiangalia ukuta. Nikajiambia ni adabu.

Jioni nimepika bukari, ugali wetu, na mboga, nikamwandalia Divine mezani. Kisha nikasikia ananiita.

"Mama, juu ya nini unakulia mu jikoni?"

Nilikuwa nimesimama karibu na jiko, sahani mkononi, tonge mdomoni. Sikumbuki nilivyofika pale. Mtu hajavuka hata mlango wangu, na tayari nimeshakuwa yule mtoto.

Nimeogopa kuliko nilivyoogopa simu ya jana.

Nimekwenda nyuma ya kabati nikaitoa picha, nikaifuta vumbi kwa upindo wa kitenge, nikairudisha kwenye msumari wake. Divine amenishikia kiti bila kuuliza kitu. Kisha nikaketi mezani, nikamaliza ugali uliokwisha poa.

Simu imelia tukiosha vyombo. Ilikuwa ya baba mwenyewe, kwa simu ya dereva. Wamefika Kasenga, wanangoja njia ya asubuhi. Sauti yake imekuwa nyembamba, na kwa kitambo nimemhurumia, kitu ambacho sikukitegemea na sikukitaka.

"Mama, nitalala wapi?" ameniuliza. Ananiita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Mu salon, Baba," nimejibu. "Ku kochi."

Divine atalala chumbani kwangu na mlango nitaufunga kwa ufunguo. Kwa hilo sitamwomba mtu radhi. Picha inabaki. Baba ni mtu wa hapa, desturi anaijua: ataitazama, atauliza, na mimi nitalazimika kumjibu. Wengine wote niliwasimulia habari zake. Yeye nitamwambia nini? Na sauti itatoka?

Sijui.

Kochi nimekwisha litandika. Mto nimeuweka upande wa mlango, ili akifumbua macho asubuhi, kitu cha kwanza atakachokiona kiwe viatu vyake pale ukutani.