Paipu Uliyoifungua Kosele

Kwa Ochieng', kaka yangu,

Barua yako nimeipata. Umejaza kurasa mbili, na nusu ya ukurasa wa kwanza ni salamu kwa watu ambao hujawajulia hali miaka yote hii. Kisha ukafika ulikokuwa unakwenda. Una gari jingine la mashindano huko Nairobi, umepata wenzako wa kulitengeneza, na kinachokosekana ni kizimba cha chuma cha kuwakinga walio ndani. "Njoo utuchomelee, nyaminwa," umeandika. "Nimewaambia hakuna fundi mwenye mkono kama wako."

Nyaminwa. Dada yangu. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama mlangoni pa gereji ya Baba, hapa Migori, nikakaa nayo mkononi mpaka mteja akaniuliza kama nimeletewa habari za msiba. Nikamwambia hakuna msiba mpya.

Kwa hiyo mkono wangu ni mzuri. Umekiri mwenyewe, kwa wino, na jina lako liko chini. Sasa nakujibu, na jibu hili si lako peke yako. Kuna watakaolisikia kabla yako.

Nitaanza na siku nzuri, usije ukasema nimezifuta.

Unakumbuka gari lilivyotufikia? Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia na gereji ilikuwa yetu sisi wawili. Mzee Salim, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na gari la milango miwili nyuma ya ghala lake, injini imeungua, rangi imeliwa na jua, na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. "Lichukueni," alisema, "mniondolee uchafu huu uani." Ulilizunguka mara tatu. Ukaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa.

"Akinyi, hili litakimbia."

Nilifungua boneti, nikaona silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ilivyopinda kwa joto. "Litakimbia nikisema likimbie," nikakujibu. Ulicheka mpaka Mzee Salim akatoka dukani kutuangalia.

Tulilivua kila kitu. Viti vya nyuma, mazulia, hita, hata vifuniko vya plastiki vya milango. Silinda hedi niliipeleka Kisumu ikachongwa, na valvu nikazisaga mwenyewe kwa mkono, moja baada ya nyingine, mpaka vidole vikafa ganzi. Tukatafuta kabureta mbili kwenye magari makuukuu badala ya ile moja. Springi za nyuma nikaziongeza nguvu, maana zile za kwanza zilitengenezwa kwa ajili ya lami, na sisi tulikuwa tunakwenda kwenye murram na mawe. Chini ya injini nikafunga bamba la chuma. Wewe ulikuwa fundi wa kawaida, Ochieng', na unajua hivyo, lakini siku hizo ulishika unachoambiwa ushike, na nilikupenda kwa hilo.

Kisha Odera akaja. Mwalimu wa hesabu kutoka Rangwe, mwenye vumbi la chaki kwenye kila mfuko. Alikuja kutengeneza pikipiki yake akabaki. Ndiye aliyekubali kukaa kushoto kwako na kukusomea njia, na aliandika kila kona kwenye daftari la shule, kwa mwandiko ambao hata gari likiruka ungesomeka. Baada ya kila shindano alikaa juu ya tairi huku mimi nikifungua hab za magurudumu, nikipaka grisi, nikikagua kila nati. Nilikuwa nimezitia nati zote mstari wa rangi nyeupe ili nijue iliyosogea. Yeye alizihesabu kwa sauti. Nilipokosea hesabu alinirudisha mwanzo.

Kizimba nilikifanya kwa wiki tatu. Nilikata paipu, nikazikunja, nikachomelea, na kiungo kisichoniridhisha nikakikata nikaanza upya. Kilipokwisha nilikipaka rangi nyekundu, nikampa Odera nyundo kubwa nikamwambia apige. Alipiga. Nyundo ilimrukia nusura impasue uso. "Mwalimu wa hesabu amethibitisha," alisema akisugua kiwiko. "Hii haivunjiki."

Paipu moja tu sikuichomelea. Ile iliyopita juu ya kichwa cha Odera, upande wa kushoto, niliifunga kwa bolti nane, kwa sababu nyaya zote za umeme zilipita nyuma yake na mara kwa mara tulihitaji kuzifikia. Ya upande wako ilikuwa imechomelewa. Hiyo usingeweza kuitoa hata kama ungetaka.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya watu wa kawaida tu. Wakulima, walimu, wafanyabiashara wenye magari ya kuunga-unga. Mara ya kwanza tulimaliza tukiwa wa mwisho na tukarudi tukiimba. Mara ya nne ulikosa ushindi kwa sekunde chache, na tangu hapo hukuimba tena. Ukaanza kuuchukia uzito. Ulitoa jeki ndani ya gari, ukatoa chupa ya maji ya Odera, ukaniambia nipunguze paipu za kizimba.

"Punguza tumbo lako kwanza," nikakujibu.

Odera alicheka. Wewe hukucheka, na mimi nikadhani yameisha.

Siku ile tulikuwa tumelala kwa shangazi, Kosele. Mkaguzi wa klabu ya mashindano alikuwa amelipitisha gari siku iliyotangulia. Asubuhi ukanituma nitangulie Homa Bay na pikapu ya vipuri, nitafute pa kuegesha. Nilikwenda. Mlipofika mlikuwa mmechelewa, mkapitiliza moja kwa moja mpaka kwenye mstari wa kuanzia. Odera, tayari na helmeti kichwani, alinipungia vidole vyake vya chaki. Sikuinama kuangalia ndani. Hilo ni langu, na nimelibeba.

Mlipinduka mbele ya Magunga, kwenye kona ambayo Odera alikuwa ameipigia mistari miwili daftarini. Nilipofika, watu wa pale walikuwa wamewatoa nje. Wewe ulikuwa umekaa kwenye nyasi, umeshika bega. Odera alikuwa amelazwa kwenye kanga ya mtu. Nilimpakia kwenye pikapu nikaendesha mpaka Homa Bay bila kugeuka nyuma, nikimwambia ahesabu, ahesabu tu, chochote. Alihesabu kwa muda. Kisha akanyamaza kabla hatujauona mji.

Hujawahi kuniuliza Odera alikuwa nani kwangu. Sitakuambia leo.

Gari hukunipa nafasi ya kuliona. Kabla ya mazishi ulikuwa umeshalitoa kwa watu wa chuma chakavu, ukasema hutaki litutie uchungu. Kisha ukasimama pale Rangwe, mkono umefungwa shingoni, mbele ya jeneza, mbele ya wanafunzi wake waliokuja na sare, ukachukua kipaza sauti.

"Chuma kilikatika," ulisema. "Welding ya dada yangu haikushika. Naomba tumsamehe. Hakukusudia."

Mama Odera aligeuka akanitazama. Watu wote walinitazama. Nami niliinamisha kichwa, Ochieng', kwa sababu nilikuamini.

Unajua nilivyoishi baada ya hapo? Wateja waliacha kuja, na waliokuja walikuja kuaga. Mmoja, mwenye lori, ambaye Baba alimtengenezea tangu mimi ni mtoto, alisimama mbali kidogo akasema, "Akinyi, mimi sina neno na wewe. Ni mke wangu ndiye hataki." Lakini hilo halikuniuma kama lile nililojifanyia mwenyewe. Nilichukua mabaki ya zile paipu, nikayachomelea jinsi nilivyochomelea kizimba, kisha nikayakata katikati ya kiungo kutafuta kosa langu. Kiungo baada ya kiungo. Nilipiga kwa nyundo, nikaning'iniza injini nzima, nikakunja kwenye jiliwa la kubania vyuma. Hakuna kilichokatika. Nikaona basi kosa langu ni la aina nisiyoweza kuiona, na hiyo ilinitisha zaidi. Niliweka miwani ya kuchomelea kabatini, nikawa naziba pancha za baiskeli.

Mwezi wa pili baada ya mazishi nilikwenda Kosele kumwona shangazi. Nyuma ya banda la kuku kulikuwa na paipu nyekundu imeegemezwa ukutani. Niliijua kwa mbali. Nilipoishika ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo, na kando yake, ndani ya kitambaa, bolti nane zenye mstari mweupe.

"Hii imefikaje hapa, shangazi?"

Alinishangaa. "Si Ochieng' aliiacha asubuhi ile ulipotangulia? Aliniambia nimlindie, ataifuata jioni." Akaendelea kuchambua mboga. "Hata yule mwalimu aliiulizia. Alipoingia garini akasema, na ile ya juu yangu iko wapi? Ochieng' akamwambia, Akinyi ndiye aliyesema itolewe. Basi akasema, kama ni Akinyi amesema, sawa. Akakaa."

Hapo, Ochieng'. Hapo ndipo nilipoacha kuwa dada yako moyoni. Ningeweza kukusamehe upumbavu. Kila mtu anayependa kasi ana siku yake ya upumbavu. Pengine ningeweza hata kukusamehe uoga wa pale kwenye jeneza. Lakini ulichukua jina langu, ambalo Odera aliliamini kuliko kizimba chenyewe, ukalitumia kumkalisha chini ya bati tupu. Yeye alikufa akiamini mimi ndiye niliyesema.

Nilikuja nayo gerejini nikaitupa miguuni pako. Hukuuliza ni nini. Ulisema, "Nilitaka kushinda mara moja tu." Kisha ukasema, "Ukilitoa hili nje, utakuwa umenizika na mimi." Mama akatoka nyumbani aliposikia sauti zetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaketi pale chini kwenye mafuta machafu na gauni lake la kanisani. "Mtoto wa watu ameshakwenda," aliniambia. "Huyu wangu unataka aende wapi? Akinyi, nyathina, mwanangu, nakuomba. Wakati niko hai, usiseme."

Nikamwahidi. Wewe ukapanda basi la Nairobi wiki ileile.

Mama alikufa, unajua, mvua za El Nino zilipokuwa zimekata barabara kila mahali. Ulifika siku ya mazishi ukiwa na suti, ukalia kwa sauti kuliko sote, na jioni ukanipiga bega ukaniuliza kama bado nafanya kazi za welding. Nilidhani unanikejeli. Sasa barua yako imenionyesha kwamba ulikuwa unaulizia mahitaji yako.

Siji. Usiku wala mchana, kwa nauli yako wala kwa miguu, siji. Na hao wenzako, waambie ukweli kabla mmoja wao hajakaa kushoto kwako. Usipowaambia, nitawaambia. Anwani umenipa mwenyewe.

Nilipomaliza kuandika nilichosema hapo juu, sikukitia kwenye bahasha. Nilikwenda Rangwe, siku ya soko. Mama Odera anauza viazi vitamu, mahali palepale. Nimekuwa nikipita kwake miaka yote hii, nikinunua viazi nisivyovihitaji, naye akinifungia bila kusema zaidi ya salamu. Nilimwomba tukae pembeni, nikamsomea yote, neno kwa neno, kwa Kijaluo, pamoja na lile la paipu na lile la jina langu.

Hakulia. Alipangusa mikono kwenye leso yake, kidole baada ya kidole.

"Kwa hiyo si wewe."

"Si mimi, mama."

"Na umelijua tangu lini?"

Nilimwambia. Tangu mwezi wa pili baada ya mazishi. Nilianza kumweleza juu ya Mama, ahadi, gauni la kanisani kwenye mafuta. Aliinua mkono nikanyamaza.

"Mama yako alikuwa na mtoto wa kulinda," alisema. "Mimi nilikuwa na wa kumlilia, na nimemlilia vibaya. Nilikuchukia wewe, nikamwombea huyo. Kila Jumapili nilimtaja Ochieng' kanisani, apone bega. Na wewe ulikuwa unakuja hapa, unachagua viazi, unanitazama."

Nikaikunja barua.

Aliniambia Jumamosi niende nyumbani kwake, nisimame pale uliposimama wewe, niseme haya mbele ya watu walewale. "Ya kaka yako," alisema, "na yako."

Nilikwenda. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Wanafunzi wake wa zamani sasa ni watu wazima, mmoja amembeba mtoto. Sikuwa na kipaza sauti, nilisema kwa sauti yangu. Nilisema ulichofanya wewe, kisha nikasema nilichofanya mimi, na cha pili kilikuwa kigumu kukitamka kuliko cha kwanza. Nilipomaliza hakuna aliyenishika mkono. Hakuna aliyenitukana pia. Walianza kuondoka, mmojammoja, wakimuaga Mama Odera na kunipita.

Yeye alibaki. Aliingia ndani, akatoka na kigoda akakiweka kivulini mwa nyumba, mbali kidogo na chake.

"Kaa," alisema. "Nieleze alivyokuwa akihesabu mle njiani. Alifika ngapi?"

Nikakaa, nikamweleza.

Wewe hayo hutayasikia kwangu. Kama unayataka, Rangwe unaijua.

Mtoto mwenzako wa tumbo moja, hilo tu,
Akinyi