Mguu wa Tanki Umetoka Hasi

Jumapili, alasiri. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi. Mvua hainyeshi na jua halitoki. Nami niko hivyo hivyo.

Niseme ukweli kwanza, maana hapa mtandaoni hakuna anayenijua. Jana nilidanganya nyumbani.

Mama amenunua tanki la maji la lita elfu moja. Kwetu Buhongwa maji ya bomba yanakuja kwa mgao, na miaka yote tumekuwa tukikinga kwenye madumu. Mzee Masanja, fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu, akamtengenezea stendi ya chuma ya miguu minne. Nilipofika kutoka chuoni, Nyegezi, nilimkuta anakusanya vifaa vyake. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akasema kwa sauti, majirani wasikie, "Injinia kafika! Haya, pitisha kazi, mzee nikapumzike."

Mama akanitazama kwa ile furaha yake. Nikaizunguka stendi mara mbili, nikagonga chuma kwa kidole, nikacheka na kusema iko sawa.

Sikuwa najua chochote.

Asichokijua mama ni kwamba somo lenyewe linalohusu vitu kama hivyo, statiki, yaani hesabu za nguvu kwenye vitu vilivyotulia, ndilo linalonitoa jasho. Kwenye jaribio la kwanza nilipata sita kati ya ishirini. Sijamwambia. Nikimpigia simu naongelea chakula cha hosteli.

Sielewi tatizo langu liko wapi. Mhadhiri anasema chukua kitu, kitenge na dunia yote, ondoa ukuta, ondoa ardhi, na pale vilipokuwa weka mishale ya nguvu. Naweka mishale. Halafu nahesabu, na karibu kila mara mshale mmoja unatoka hasi. Wenzangu wakipata hasi wanasema tu kwamba mshale unaelekea upande wa pili, wanaendelea na maisha. Mimi nikiona hasi nafuta yote naanza upya, kwa sababu tangu sekondari hasi kwangu maana yake umekosea. Ndivyo nilivyomaliza muda kwenye jaribio. Nilifuta hadi karatasi ikatoboka.

Leo baada ya ibada, nikiwa nimesharudi hosteli, dhamiri ikanisuta. Nikachora stendi ya mama. Vipimo nilikuwa navyo, kwa sababu jana, katika kujifanya najua kazi, niliazima futi ya mzee nikapima.

Miguu ya mbele iko ukingoni kabisa mwa jukwaa linalobeba tanki. Ya nyuma ilitakiwa iwe ukingoni vilevile, lakini pale chini kuna mwamba, shimo halichimbiki, kwa hiyo mzee akaisogeza ndani. Kutoka miguu ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita sitini. Tanki linakaa katikati ya jukwaa, na katikati yake ni sentimita sabini kutoka mbele. Yaani uzito wote unaangukia nje ya miguu ya nyuma, kwa sentimita kumi tu.

Miguu ya mbele ikatoka hasi.

Nikafuta. Nikarudia, hasi. Nikabadilisha sehemu ya kuanzia kuhesabu, ikatoka hasi tena, na namba ni ileile.

Kama nimeelewa, na sina hakika kama nimeelewa, hesabu inasema tanki likijaa miguu ya mbele haitabeba kitu. Itataka kunyanyuka, na kitakachoizuia ni zege lililomwagwa kwenye mashimo, karai moja kila shimo. Kitabuni mguu unavuta au unasukuma, vyovyote utakavyo. Zege la karai moja linavuta kiasi gani? Sijaona ukurasa unaosema. Au pengine anayekosea ni mimi, kama kawaida yangu. Mzee Masanja anatengeneza stendi tangu sijazaliwa, na mama anasema kabla ya kupandisha tanki alisimama juu ya hii mwenyewe akarukaruka, haikutikisika.

Upande wa nyuma, huko litakakoangukia kama litaanguka, ndiko mama anakofulia.

Nilikaa na simu mkononi karibu saa nzima. Niliogopa, lakini zaidi ya kuogopa niliona aibu. Kisha nikampigia.

Nikamwambia kesho maji yakija asijaze tanki. Akauliza kwa nini, si nilisema iko sawa? Nikajaribu kumweleza habari za hasi, nikajichanganya mwenyewe, mpaka nikajikuta nalia, na yote yakatoka: jaribio, sita, na kwamba jana nilisema tu.

Nikawa nasikia kuku wa jirani kwenye simu.

"Na fundi," akauliza, "yeye kwenye hilo jaribio alipata ngapi?"

"Mama, mzee Masanja hakufanya jaribio."

"Basi wewe mwenzake una sita."

Sikujua nicheke au niendelee kulia. Amesema kesho atakinga kwenye madumu kama siku zote, na jioni atamwita mzee nyumbani, nami nije na daftari langu nimweleze mzee, yeye mama akiwepo, kwa adabu.

Kwa adabu nitaweza. Kumweleza ndiko sijui nitaanzia wapi. Nikiwa nimekosea, nitakuwa nimemwaibisha mtu mzima bure, na mtaa mzima utajua injinia wa mama fulani ni wa jina tu. Nikiwa sijakosea, basi jana mchana nilimpitishia mama yangu tani moja ya maji juu ya kichwa chake, huku nacheka.

Leo nikipiga magoti sijui niombe lipi: niwe nimekosea, au niwe sijakosea?