Dawa Niliyokunyima Siku ya Jumuiya

Mama,

Shikamoo. Mahindi tumevuna, ulezi bado. Blanketi lako analala nalo mwanangu Fides, anasema lina harufu ya bibi. Naanza na haya kwa sababu jambo lenyewe linanitia aibu.

Unakumbuka ulivyoanza kuwashwa? Mofini, ile dawa ya maji uliyopewa kwa maumivu ya kansa, ilikutuliza hata ukarudi kunitania. Halafu ukawa unajikuna pua, kifua, mgongo. "Leoka, nikune, ila usinikwangue kama sufuria ya ugali." Tulicheka. Lakini moyoni nikasema huu ni upele, nikawa nakuogesha maji ya moto na sabuni ya kufulia. Na wenzetu wa jumuiya ya kanisa walikuwa waje kusali kwetu Jumamosi. Nikawaza, watamwona mama anajikuna mbele ya msalaba, watasema kwa Leokadia kuchafu.

Nilikuwa nimeona ukinywa dawa ndipo unajikuna zaidi, basi asubuhi ile nikakudanganya imekwisha. Maumivu yakarudi, ukalia. Nikawazuia watu mlangoni: "Mama amelala, tukasali kwa jirani." Ulisikia, Mama. Ulisikia hadi nyimbo zao, umeng'ata kona ya shuka. Niliporudi ulisema tu, "Wangeingia, mwanangu."

Baada ya kukuzika nilipeleka hospitali dawa iliyobaki, nikamuuliza nesi. Akasema, "Siyo upele wala uchafu, dada. Mofini yenyewe huamsha mishipa ya fahamu, mtu akahisi kuwashwa na ngozi haina kitu. Wengi hupoa baada ya siku chache. Isipopoa tunapunguza dozi au tunabadilisha dawa. Nyumbani ni maji yasiyo ya moto, mafuta ya mgando, kucha fupi. Uso ukivimba au pumzi ikibana, hapo mkimbize hospitali. Ungetuambia tu." Nilishindwa kumtazama.

Sasa mama mdogo Skola, mdogo wako anayekaa Matai, kapewa hiyohiyo na anawashwa. Wanawe wamenipigia: "Dada, dawa imemkataa, tumeacha kumpa." Nikawaambia wampigie nesi leo hii, wasiache wenyewe. Wakaniuliza, "Wewe umejuaje? Kwani mama mkubwa alikuwaje?" Nikasema mtandao unakata. Haukukata, Mama. Nilikata mimi. Na mdogo wako analia maumivu huko.

Niliungama kwa padre, nikadhani yameisha. Kumbe kwa padre nilisema gizani, nyuma ya wavu, na hawa ni ndugu zangu, watanitazama usoni.

Nimeshajifunga kanga, nakwenda stendi. Nitawaambia yote: maji ya moto, uongo wangu, ule mlango. Bila hayo hawataniamini, na bila kuniamini hawatampa dawa. Nakuahidi sitarudi Sumbawanga kabla nesi hajamwona. Wakinichukia, na wanichukie mama yao akiwa hana maumivu.

Bwana akupe pumziko, Mama. Niombee nisigeuke njiani.

Mwanao,
Leokadia