Spongi Chini ya Mkeka wa Mbao

Jumanne, 1 Julai
Nimewasha jiko la nje mapema. Kuni tatu za mkaratusi. Maji yakipata moto yanapita kwenye paipu chini ya sakafu, kama alivyopanga mume wangu, Baba Njeri. Miaka kumi na minane alipasha maua ya watu joto kule Naivasha, ndani ya vibanda vya plastiki, kisha akasema mke wake hawezi kuganda Njoro wakati waridi linalala vizuri. Akalaza paipu nyumba nzima, akamwaga simiti. Machi akafa. Juu ya simiti hakukuwekwa kitu.

Joto lipo. Vumbi pia. Nafagia, linarudi. Nakohoa.

Njeri amepiga simu. Binti yangu anatoa amri kama chifu. "Mum, hiyo nyumba isipokuwa sawa by mwisho wa mwezi, unakuja tukae na wewe tao." Yaani nilale mjini na wajukuu kwenye kitanda cha ghorofa. Sitaki. Hapa ndipo nilipoachwa.

Jumatano, 2 Julai
Nakuru, dukani. Nimeomba vipande vitatu vya kujaribu vya mkeka wa mbao, ile plastiki yenye sura ya mbao. Msichana wa duka alidhani nina wazimu nilipomwambia sakafu yangu ina moto. Lakini alinisaidia. Alisema ya bei ya chini kabisa hupinda kwa joto. Na sakafu ipoe siku mbili kabla ya kubandika.

Nyumbani nimevilaza vipande juu ya kifuniko cha sufuria ya githeri ikichemka. Chembamba kimejikunja na kunuka kama karai la plastiki lililoungua. Kinene cha mbao za kushikanisha kimekaa vizuri, ila bei yake ni ya mbunge. Cha katikati hakikustuka. Nimechukua cha katikati. Baba Njeri angebishana nami hadi usiku. Hakuna wa kubishana.

Jumamosi, 5 Julai
Jiko limezimwa tangu Alhamisi. Baridi ya Njoro haina adabu.

Fundi amekuja. Nimenunua na spongi nene ya kuweka chini ya mkeka. Kwetu kapeti bila spongi ni aibu, na kina mama wa kanisa wakija kwa maombi Alhamisi watapiga magoti. Fundi alisema, "Mathe, hapo umecheza. Itakuwa soft kama mandazi." Imependeza. Nimekaa kuitazama peke yangu.

Jumatatu, 7 Julai
Nimewasha jiko pole pole. Maji yanachemka. Sakafu baridi.

Jumanne, 8 Julai
Baridi. Nimeongeza kuni. Baridi.

Paipu zimekufa. Labda fundi alikanyaga vibaya, labda kazi yenyewe haikuwa ya kudumu. Nimemkasirikia marehemu, nikamwambia kwa sauti kwamba ameniacha mara mbili. Halafu nikaona haya.

Alhamisi, 10 Julai
Tulipomzika walikuja kina mama ishirini, wakapika, wakalala hapa. Leo wamekuja wawili. Walisifu sakafu, wakaomba haraka wakiwa na makoti, wakaondoka kabla chai haijapoa.

Nimemweleza Njeri ukweli. Analeta pikapu kesho kutwa. Nimesema sawa. Nimefunga vyombo, na koti la kazi la Baba Njeri nimelikunja katikati ya mablanketi.

Ijumaa, 11 Julai
Nilikuwa natoa kabati ukutani, jiko la nje bado likiwaka kwa ajili ya githeri. Mguu wake ukang'oa kona ya mkeka na spongi. Nikainama kurudisha.

Simiti ilikuwa moto.

Nikaweka viganja vyote viwili. Moto kabisa. Siku zote hizi joto limekuwa pale chini likigonga, na mimi nimelifungia mlango kwa spongi. Mke wa fundi wa paipu. Nimelia, nimecheka, nimekaa pale sakafuni hadi githeri ikaungua.

Nimempigia Njeri. Usilete pikapu. Nimempigia fundi. Nimezima jiko.

Jumapili, 13 Julai
Fundi amefika baada ya ibada. Simiti imepoa. Ametoa spongi yote na kubandika mkeka kwa gundi moja kwa moja juu ya simiti. Amesema nisiwashe kabla ya siku mbili. Spongi nimempa, ana watoto wanaolala chini.

Jumanne, 15 Julai
Nimewasha. Kuni mbili tu. Kufikia saa nne sakafu ilikuwa imeamka.

Nimevua soksi nikatembea. Kwa miguu unajua paipu zinapita wapi. Mlangoni zimeachana mbali. Jikoni hivyo hivyo. Upande wake wa kitanda hakuna kitu, alikuwa mtu wa kusikia joto. Lakini dirishani, chini ya kiti ninachokalia kumenya minji, zimekaribiana, mzunguko juu ya mzunguko. Hakuwahi kunieleza.

Hakuna aliyekuja leo. Simu haikulia. Namkumbuka mno Baba Njeri.

Nimekaa pale dirishani bila viatu. Nimemenya minji bakuli zima, nyingi kuliko ninavyoweza kula.