Kifaa cha Mkono Mmoja

3 Machi

Mwanangu Kushoto,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. Mimi mzima, karakana nzima, na paka wa jirani bado analala juu ya vioo kama vile kavinunua yeye. Hofu ni kwako tu. Unakula? Au huko kwenye karakana kubwa mnakula huku mmebeba?

Nina wazo, usinicheke. Nimechoka kung'oa vioo vya mbele vya magari na kuweka vipya. Nasikia siku hizi kioo kikipigwa kokoto hakitupwi, kinazibwa: wanatia gundi kwenye ufa, inakauka, mtu anaondoka. Wewe uko huko huko wanakofanya kazi hiyo. Nichagulie vifaa. Sitaki cha kupendeza macho, nataka cha kazi.

Usinipigie simu, nijibu kwa barua. Na mwandiko usikutishe, kalamu ni mbovu.

Shangazi yako

19 Machi

Shikamoo Shangazi,

Niko salama, nakula, na nikila sijabeba kitu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Wewe uliyekuwa ukisema kuziba ufa ni kupaka poda juu ya kidonda!

Sasa sikiliza. Usinunue zile seti za plastiki za sokoni, zinapitisha hewa na gundi haiingii. Nakutumia kifaa ninachotumia mimi: kishikio cha miguu mitatu kinachokaa juu ya ufa, na bomba dogo la skrubu linalosukuma gundi ndani. Gundi ni mbili. Nyepesi kama maji ni ya ufa mwembamba, nzito ni ya shimo. Taa ya kukaushia nimeweka ndogo, ya siku za mawingu, maana jua lako linatosha. Ila jua hilo hilo likiiona gundi kabla haijazama, itaganda mlangoni. Kwa hiyo fanya kazi kivulini, na ufa usiuoshe kwa maji hata kama una vumbi.

Anza na vioo vya zamani. Nani anakusaidia kuinua siku hizi?

Mwanao, Kushoto

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini huumwi. Mimi sijambo.

Kifaa chako kimefika na ni kibovu. Miguu inateleza, bomba linakwenda upande, gundi imemwagikia sketi yangu na sasa sketi inasimama yenyewe. Nimeharibu vioo sita vya zamani. Cha saba kilikuwa cha dereva wa mkate. Alikuja na ufa wa urefu wa ukucha, akaondoka na ufa uliovuka kioo kizima. Hakunitukana. Alinitazama tu, na afadhali angenitukana.

Baba yako naye kapata la kusema. Mwisho wa Juni anakuja kufunga karakana na kunihamishia kwake. Ameshaninunulia kiti, ataniwekea dirishani. Mimi niliyefunga vioo vya nusu ya magari ya mji huu, nikae nachungulia kimoja! Ndugu yangu nampenda, lakini kiti hicho nitakikalia nikiwa sina pumzi.

Nitafutie kifaa kingine, na haraka.

Shangazi yako

26 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima. Wewe sijui, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kifaa kile nakitumia kila siku. Mkono mmoja unabana kishikio, mwingine unazungusha skrubu. Kinateleza kwa sababu moja tu, kama hakuna mkono unaobana. Na wewe ulinifundisha kubana kioo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Huwezi kusahau kubana.

Halafu kalamu yako imekuwa mbovu kwa barua mbili, na swali langu la nani anakusaidia kuinua umelipita kama hujaliona.

Shangazi, mkono wako wa kulia uko wapi?

Sichagui kitu mpaka nijibiwe.

Kushoto

20 Mei

Shikamoo Shangazi,

Siku ishirini na nne bila neno. Simu hupokei. Baba nikimwuliza anasema, "Muulize mwenyewe." Ndiyo nakuuliza.

Kushoto

28 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Umekuwa mkubwa vibaya. Zamani ningekwambia nyamaza, ukanyamaza.

Wiki ya tatu baada ya wewe kuondoka, waliniletea lori. Kioo chake kirefu kama mlango. Nilikishika upande wangu wa kulia, nikasema, "Haya, inua," kama tulivyozoea. Nikageuka kushoto, upande uliokupa jina, hakuna mtu. Miaka tisa nasema "inua" na wewe unainua, ulimi ulikuwa bado haujapata habari kwamba umeondoka. Ningekiweka chini. Lakini mwenye lori alikuwa anatazama, nami nina kiburi, unanijua. Nikainua peke yangu.

Kioo kilipona, bega halikupona. Daktari anasema limechanika ndani na sitabeba tena. Mkono umefungwa shingoni tangu Januari, na vidole vinashika kijiko kwa taabu. Haya yote naandika kwa kushoto.

Sikukwambia kwa sababu ungerudi. Na mimi ndiye niliyekusukuma uende, nikakufungia na begi. Usije na machozi yako hapa. Nikikukumbuka nakukumbuka sana, hilo nalisema wazi, lakini sitaki uniletee mkono wako. Nataka kifaa. Ningekwambia ukweli tangu mwanzo ungechagua vizuri, na dereva wa mkate angekuwa bado na kioo chake. Kosa ni langu.

Baba yako atakuja tarehe thelathini Juni.

Shangazi yako

8 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nimelia, nimemaliza, sasa kazi. Begi nilishalifunga. Niliposoma barua yako mara ya pili nikalifungua, lakini kwa hasira, ujue.

Asubuhi yake nilijifunga mkono wa kulia kiunoni kwa mtandio, nikaanza kujaribu kila kifaa kilichomo humu ndani. Bosi alidhani nimevunjika. Nilipomweleza, alivuta ndoo akakaa kutazama, na kila nilipokosea akasema, "Lete kingine." Cha kwanza kilianguka. Cha pili kilitaka nikishikilie kwa meno. Cha tatu kizuri, cha bei ya juu, kina skrubu nne za kusawazisha, nikakirudisha kabatini.

Cha tano ndicho. Kina kikombe kimoja cha mpira na kishikizo cha kulaza. Unakikandamiza kwa kiganja, unalaza kishikizo, kinang'ang'ania kioo kama kupe. Bomba linakaa kwenye tundu lake na mkono wako unabaki huru. Ni cha polepole, wenzangu hapa wanakidharau. Nimeziba nyufa nne kwa mkono wa kushoto, mbili zimekubali. Wewe utanishinda.

Zungusha skrubu, ngoja. Irudishe nusu ili hewa itoke, ngoja tena, kisha zungusha. Kivuli usikose.

Mwanao, Kushoto

2 Julai

Mwanangu Kushoto,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa paka. Bega linauma asubuhi, mchana linasahau. Wewe je?

Kifaa kilifika tarehe ishirini na tatu. Siku ya kwanza niliharibu vioo viwili. Ya pili kimoja. Ya nne nilikosa cha kuharibu.

Tarehe thelathini baba yako akaja na gari la kubebea vitu. Nyuma yake akaingia nani? Dereva wa mkate, na kioo chake kipya, kokoto imekidonoa upande wa juu. Ile barabara yake ni adui yangu na rafiki yangu. Akasema, "Mama, sitaki kubadilisha tena. Jaribu." Watu wengine wana moyo.

Nikamgeukia baba yako, nikampa blanketi. "Shika hapo, jua lisipite." Akauliza mpaka lini. Nikamwambia mpaka nitakaposema. Alisimama hapo dakika arobaini, jasho likimtoka, hakuthubutu kusogea. Nami nazungusha, nangoja, narudisha nusu. Gundi ilipozama nikamwambia ateremshe blanketi, jua likamalizia. Imebaki alama ndogo, ukitaka kuiona uitafute. Dereva alipitisha ukucha, haukukwama. Akapitisha tena. Kisha akacheka, na mimi nikacheka mpaka bega likanikumbusha lilipo.

Baba yako alikunja blanketi. Baadaye akauliza, "Na kile kiti je?"

Nikamwambia akilete, wateja hawana pa kukaa.

Kimefika jana. Kizuri kweli, kina mito. Ukipata likizo njoo ukikalie, unitazame kazini. Kuja kubeba hapana.

Mstari huu mmoja nimeuandika kwa mkono wa kulia. Umetoka mbaya kuliko yote. Utunze.

Shangazi yako