Prosesa ya Muhannad na Sherehe ya Chausiku

Mtaa wa Dunda,
Bagamoyo.
18 Februari 2025

Mpendwa Dada Raya,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Hujambo wewe? Shemeji Yousuf hajambo? Na Nawal, kile kikohozi chake kimekwisha? Huku sisi wazima, alhamdulillahi, ila joto tu. Mguu wa Mama umepungua kuvimba. Anakwenda sokoni mwenyewe na kurudi akilalamikia bei ya samaki, kwa hiyo ujue kapona.

Uliniuliza kwenye simu kama nimeshanunua ile prosesa ya Muhannad, nikakwambia nitakuandikia, maana simu inakatika na wewe unacheka. Ami Abdullatif anasafiri Ijumaa, nampa hii akuletee Maskati.

Kazi yangu unaijua. Video za sherehe za wanawake hapa mjini nazikata na kuziunga mimi, kwa sababu hakuna anayetaka video yake ya kichwa wazi ipite kwa fundi mwanamume. Shaabani hii ndoa hazina idadi, na Chausiku nimemwahidi video ya harusi yake kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Saa tatu za video! Kompyuta yangu ikifika kwenye kurenda, ile kuiunganisha kazi nzima iwe moja, inakokota kwa muda wa saa kumi na moja, na ikipata moto inazima. Naanza upya.

Sasa Muhannad, yule kaka yake Jokha wa nyumba ya pili, anauza prosesa yake, ule ubongo wa kompyuta, inaingia kwenye mashine yangu bila kubadilisha kitu, nusu ya bei ya Dar. Tena kaniambia mwenyewe, wala sikumuuliza, kwamba aliiovakloki mwaka mzima kwa ajili ya magemu, yaani aliiongezea umeme ikimbie kuliko ilivyopangwa kiwandani. Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Mtu anayekutajia kosa asilolazimishwa kulitaja, dada, si kakuchagulia la kulitazama? Na ilikuwa inang'aa! Imefutwa pesti yote, ile dawa ya kupoza inayopakwa juu yake, hata alama ya kuungua haina.

Nikamwambia nataka kuijaribu. Akasema, "Lete kazi yako hapahapa kwangu, uone moto."

"Kazi yangu ya wanawake, Muhannad."

"Mi nitageukia ukutani."

"Ukigeuka wewe, diski yako nayo itageuka?"

Kuondoka nayo akakataa, eti nisije nikamrudishia nyingine iliyoungua. Yaani na yeye ananishuku mimi! Mama ndiye aliyetukata maneno. Akasema iwe amana, aje nayo Jokha, akae nayo mpaka irudi. Basi Jokha kaja, kaipaka rangi ya kucha pembeni nisiibadilishe, kakaa mkekani na ubuyu wake.

Dada, nilipoifunga kwenye mashine ikaruka! Kazi ya saa kumi na moja ikaisha kwa saa mbili na dakika chache, tena adhuhuri, madirisha nimeyafunga makusudi ipate joto. Nilikuwa nazunguka chumba kama kichaa. Tukakaa kuitazama, Jokha hanyamazi: "Huyo si Bi Mwanvita? Na lile goti analolilia kila siku ndilo hilo linalokata kiuno?" Mara akasogea karibu na kioo. Akauliza, "Mbona Chausiku shavuni ana vijumba?"

Vijumba vya mraba, vya kijani, vinne, vimepita kama kupepesa jicho. Nikafungua picha ya asili ya kamera: safi. Nikashuku diski, nikashuku waya, nikashuku ubuyu wa Jokha kwenye kibodi. Nikarenda kipande kilekile tena: shavu safi, vijumba vimehamia kwenye mkono wa mkwe. Nikarudisha prosesa yangu kongwe, kipande kilekile: hakuna kitu. Basi ni hesabu zake, dada. Inakosea halafu inaendelea kama haikukosea.

Jokha akasema polepole, "Kwetu vilikuwa vinatokea. Kaka akasema ni tivii."

Nikampigia palepale, nikamwambia inatoa vijumba. Na hili ndilo linalonikereketa mpaka leo: hakuuliza vijumba gani. Alisema tu, "Ishushe kasi kidogo, itatulia. Na bei nakupunguzia."

Nimeishusha, chini hata ya kasi ya kiwandani. Nimerenda mara mbili, safi, na bado inaipita yangu mbali. Nusura ninunue, sikufichi. Lakini ikiwa leo imeshushwa ndipo ikatulia, mwakani nitaishusha mpaka wapi? Na nani atakaa kila video saa tatu akikagua kila shavu? Wanawake wa hapa hawatasema prosesa imekosea. Watasema Hanadi kaharibu harusi.

Nimeifunga kwenye kitambaa, Jokha kaondoka nayo. Muhannad sasa akinikuta njiani anasalimia ukuta. Anawaambia watu mimi mjuaji. Sijui kama alijua au alijidanganya, na kumuuliza siwezi, kwa sababu jibu lolote sitaliamini. Nawe mwambie Shemeji, akiona ya bei rahisi huko Ruwi asininunulie bila kunipigia kwanza.

Kwa hiyo nimerudi kwenye kongwe langu. Nimekata sherehe vipande kumi na viwili, narenda kimoja kimoja, feni ya sebuleni nimeielekezea kompyuta. Mama anajipepea na kawa na kunitazama.

Jana Chausiku kaja kuuliza. Nikamwonyesha kipande cha kwanza. Akajitazama weee, akasema, "Hanadi, kumbe nilipendeza hivi!" Nikaitikia ndiyo, ulipendeza, lakini uso wake sikuuona. Nilikuwa nakagua pembe za picha, natafuta vijumba.

Nisalimie Shemeji Yousuf na Nawal, na Mjomba Muharami ukienda kwao. Mama anakusalimu, na mdogo wetu Sadallah naye. Mwenyezi Mungu akuhifadhini nyote na atufikishe Ramadhani salama, kila mtu mahali alipo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye hata ukinicheka,

Hanadi